Mama Kufuli na Bei ya Kwanza

Mama Kufuli hakuwahi kumkabidhi mteja kufuli bila kulifunga na kulifungua mara tatu mbele ya macho yake. Mara moja haitoshi, alisema, kwa sababu hata kufuli bovu hufunga mara moja. Alilibana kwa kiganja mpaka likalia, akaingiza ufunguo, akamgeuzia mteja aone ulimi wa chuma ukiruka, halafu akaanza upya. Mteja awe na haraka, awe amelowa mvua, awe anamfahamu tangu ujana wake, alisubiri mpaka ifike ya tatu. Hata jioni, alipofunga duka lake mwenyewe, alifunga, akafungua, akafunga, akafungua, akafunga, kisha akalivuta kufuli kwa nguvu kama anayemvuta mtu sikio. Muuza rangi wa duka la pili alikuwa akimngoja pembeni na kumwambia kila siku neno lile lile: "Mama, huo mlango umeshakubali. Twende nyumbani."

Duka lenyewe lilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu. Ukutani kulikuwa na ubao wenye bawaba zilizopangwa kuanzia ndogo ya kabati hadi kubwa ya geti. Misumari ilikaa ndani ya makopo ya rangi yaliyooshwa, vitasa na makomeo kwenye rafu, na mizani ilining'inia juu ya meza. Kulikuwa na stuli mbili, moja ya mwenye duka na nyingine ya mteja. Duka alilirithi kwa mumewe, fundi wa vitasa aliyemwacha mjane akiwa na miaka thelathini na mbili, bila mtoto. Mwaka uleule dada yake mkubwa naye alifariki, akaacha binti wa miaka tisa. Mama Kufuli alimchukua mtoto yule na sanduku lake la nguo, akampa kona nyuma ya rafu afanyie kazi za shule, na akampa jina la Msomi kabla hata hajaweza kusoma ukurasa mzima bila kukwama.

Msomi alijifunza hesabu kwa misumari. Alipofika chuo na kusomea takwimu, Mama Kufuli alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu amesomeshwa na inchi tatu na inchi nne," na wao wakacheka, ingawa ilikuwa kweli tupu.

Jambo jingine alilojifunza nyuma ya zile rafu ni namna bei inavyotoka kinywani. Mteja aliuliza, mama yake mdogo akataja. Mteja akashtuka, maana kushtuka kulikuwa sehemu ya adabu, akauliza tena. Hapo Mama Kufuli alimsukumia stuli kwa mguu. Mteja akakaa. Wakaulizana mlango ni wa mbao au wa chuma, nani kaibiwa mtaani, mke amepona mgongo au bado. Mteja akauliza mara ya tatu, na ndipo bei yenyewe ilipotoka. Kufuli la shaba la ukubwa wa kati, ambalo ndilo lililotembea kuliko mengine yote, lilianzia elfu tisa na kuishia elfu sita na nusu.

"Ile ya kwanza namsalimia tu," alimweleza Msomi. "Ya pili namtazama. Ya tatu namuuzia."

Mtaa mzima ulijua hivyo. Asiyejua alikuwa mgeni, na mgeni naye alijifunza akiwa amekaa kwenye stuli.

Msomi alikuwa ameshavuka miaka arobaini alipoajiriwa na kampuni iliyotengeneza wakala wa kwenye simu. Wakala huyo hakuwa mtu. Ilikuwa programu: unaiandikia unachotaka kununua, hata kwa herufi zilizokosewa, nayo inapita orodha ya maduka yote ya mji, inalinganisha bei, na kabla hujameza mate imekuletea maduka matatu yenye unafuu na njia ya kuyafikia. Wenye simu waliipenda. Wenye maduka waliiita Kimbelembele, kwa kuwa iliulizwa habari za mtu mmoja ikatoa za watu wote.

Ila Kimbelembele hakuwa na miguu. Maduka madogo hayakuwa na bei zilizoandikwa mahali popote, kwa hiyo kampuni iliajiri wakusanyaji wanane wa kuzunguka mitaani na kuuliza, kila mmoja maduka arobaini kwa siku. Msomi alikuwa msimamizi wao. Ndiye aliyewaandikia mwongozo, kurasa mbili safi, na kanuni ya nne ilisema: Uliza bei mara moja. Usibembeleze. Andika ulichoambiwa.

Aliifikiria sana kanuni ile kabla ya kuiandika. Wakusanyaji hawakufanana. Mmoja alikuwa na ulimi wa asali, angeweza kuteremsha bei mpaka mwenye duka akajuta kufungua siku hiyo. Mwingine alikuwa na haya, angechukua chochote. Kama kila mmoja angepatana kivyake, wakala angelinganisha ndimi za wakusanyaji na kuziacha bei za maduka. Kipimo kiwe kimoja kwa wote. Mkurugenzi, kijana aliyemzidi Msomi cheo na kuzidiwa naye umri, alisoma mwongozo amesimama na kusema, "Dada, hii ndiyo kazi."

Hakuna hata mmoja kati yao aliyejiuliza ingekuwaje kwa duka ambalo bei yake ya kwanza ni salamu.

Wiki ya tatu mkusanyaji wa mtaa wa vifaa vya ujenzi aliugua jino, Msomi akachukua zamu yake. Alifika kwa mama yake mdogo saa nne asubuhi, beji shingoni, simu ya kampuni mkononi. Muuza rangi alikuwa amekaa kizingitini akipepea uso kwa kipande cha boksi.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, msomi wangu. Leo umekuja kama nani? Naona umejifunga kitambulisho kama ng'ombe wa maonyesho."

"Nimekuja kikazi."

"Kikazi." Mama Kufuli alimgeukia muuza rangi. "Umesikia wewe? Mwanangu amekuja kikazi. Haya, ngoja na mimi nikae kikazi." Akajiweka sawa kwenye stuli yake, akakunja mikono.

"Mpe na maji ya kikazi," alisema muuza rangi.

Msomi alitabasamu kidogo, akatazama simu. "Kufuli la shaba, la kati. Bei gani?"

"Elfu tisa," alijibu Mama Kufuli kwa uso mkavu, na kwa kisigino chake akaisukuma stuli ya pili mpaka ikagusa kiatu cha Msomi.

Msomi aliitazama ile stuli. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote aliye hai. Alijua pia kwamba muuza rangi anamtazama, na kwamba wiki iliyopita mkusanyaji mmoja alikuwa amemwaga unga kwa kumwandikia kaka yake bei za uongo za chini. Barua ya kumfukuza aliisaini Msomi mwenyewe. Akikaa hapa, mbele ya shahidi, na kutoka na elfu sita na nusu, nani ataamini kwamba hakupendelea? Na kanuni ya nne aliitunga nani?

Aliandika elfu tisa.

"Asante, Mama Mdogo."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Mama Kufuli alikunjua mikono. "Haya," alisema. "Kazi njema."

Duka kubwa la kona halikuwa na stuli. Kila bidhaa ilikuwa na kikaratasi cha bei, na mhudumu hakuinua hata kichwa. Kufuli la shaba la kati, elfu saba na mia tano. Msomi aliandika, akaenda zake.

Mwezi wa kwanza haikuonekana tofauti. Mwezi wa pili wateja walianza kuingia na simu mikononi, kama watu waliokuja kumshtaki.

"Mama, hapa wanasema kwako ni elfu tisa. Kona ni saba na nusu."

"Kaa basi tuongee."

"Sina muda wa kukaa, Mama."

Mwezi wa tatu hao nao hawakuja tena. Kimbelembele alikuwa akiwaletea maduka matatu ya nafuu, na duka la Mama Kufuli lilikuwa la kumi na saba. Hakuna anayeshuka mpaka la kumi na saba. Alibaki na wazee wachache na mafundi wa zamani, na hao nao wakaanza kupukutika. Siku moja fundi seremala aliyekuwa akinunua bawaba pale kwa miaka ishirini alipita upande wa pili wa barabara, amebana mfuko wa duka la kona chini ya kwapa.

"Fundi," aliita Mama Kufuli, "mkono umevunjika?"

"Hapana, Mama."

"Basi mbona umeufunga hivyo? Achia upate hewa."

Fundi alicheka kwa aibu, mfuko ukamponyoka, bawaba zikamwagika kwenye lami. Mama Kufuli alivuka barabara akamsaidia kuziokota. Alizichezesha moja moja kabla ya kuzirudisha mfukoni. Mbili zilikuwa na pini zilizolegea, akamwonyesha, akamwambia akazibadilishe kabla hajafika mbali. Muuza rangi ndiye aliyemsimulia Msomi kisa hicho, na alipofika hapo hakucheka.

Msomi alikuwa anaona yote kwenye kompyuta yake. Mchana mmoja, wenzake walipokwenda kula, alifungua ukurasa wa duka la mama yake mdogo. Alifuta elfu tisa, akaandika elfu sita na mia tano. Papo hapo duka likaruka kutoka la kumi na saba hadi la kwanza, juu ya lile la kona. Aliitazama ile nafasi ya kwanza mpaka akasikia hatua kwenye korido. Akarudisha elfu tisa. Alijiambia kwamba atapita njia iliyo halali, na siku ileile akaenda kwa Mkurugenzi.

"Kwa hiyo unataka tuulize mara ngapi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Tatu. Kwa maduka yasiyo na vikaratasi vya bei, mara tatu."

"Dada, watu wanane, maduka arobaini kila mmoja. Ukiuliza mara tatu, ukikalishwa, ukiulizwa habari za nyumbani, unapata maduka kumi. Mwongozo wako ndio unaotulisha hapa." Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma. "Watumie ujumbe wenye maduka. Waseme bei yao ya mwisho mara ya kwanza. Ni rahisi wao kubadilika kuliko sisi."

"Na asiyetaka?"

"Huyo amechagua mwenyewe."

Ujumbe ulitumwa. Nusu ya mtaa ilitii, na muuza rangi alikuwa wa kwanza. Wateja wake wakarudi ndani ya mwezi. Mama Kufuli alikuwa na simu ya vitufe yenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo muuza rangi alimsomea ujumbe kwa sauti, mara mbili.

"Wakiniuliza nitawajibu," alisema.

"Mama, wewe si unajua wanauliza mara moja tu?"

"Basi hawajauliza."

"Unajikaanga kwa mafuta yako mwenyewe, Mama."

"Heri yangu, nayajua yametoka wapi."

Kila Jumapili Msomi alikwenda nyumbani kwa Mama Kufuli. Walipika, walikula, waliongea juu ya paa lililovuja na shemeji aliyeoa tena. Bei haikutajwa. Mara mbili au tatu Msomi alifungua mdomo, akamtazama mama yake mdogo akichambua mchele kwa umakini uleule wa kwenye makufuli, akaufumba. Angeweza kumwambia: nimekosea, nipe ile ya tatu, nitaiandika na litakalokuwa na liwe. Badala yake aliupangia mtaa ule mkusanyaji mwingine, msichana mgeni asiyemjua mtu, na kujitoa kabisa. Alisema ni kwa sababu ya undugu. Kila baada ya wiki mbili msichana yule alifika, akauliza mara moja, akaambiwa elfu tisa, akaondoka. Stuli ya mteja ilibaki pale ilipo, na baadaye Mama Kufuli alianza kuweka juu yake kopo la misumari.

Duka lilifungwa mwaka wa pili. Tajiri wa duka la kona alikuja mwenyewe kununua bidhaa zilizobaki. Alitaja bei ya jumla, ndogo mno, na Mama Kufuli akasema ndiyo. Hakuuliza tena. Muuza rangi alimshika mkono na kumwambia, "Mama, shindana naye kidogo," naye akajibu kwamba leo amechoka.

Kitu kimoja tu alikiondoa kwenye mali ile, kufuli la mlango wa duka. Pale palipokuwa duka sasa wanabandika vioo vya simu.

Tajiri, kwa huruma au kwa kuona faida, alimpa kazi stoo. Makufuli yalikuja kwa maboksi, kila moja limefungwa ndani ya plastiki, na kazi yake ilikuwa kubandika vikaratasi vya bei. Aliiweza siku nne. Siku ya tano msimamizi wa stoo alimkuta amekaa juu ya boksi, plastiki zimezagaa miguuni, anafunga na kufungua.

"Mama, ukichana pakiti haiuziki."

"Na lisipofunga?"

"Mteja atalirudisha."

"Akishaibiwa ndiyo alirudishe?"

Msimamizi alikuwa mtu mwema, akamwacha amalizie boksi lile moja ili moyo wake utulie. Katika makufuli mia mbili alipata kumi na moja yasiyoshika. Aliyapanga juu ya dirisha, akamwonyesha. Asubuhi iliyofuata hayakuwepo, na alipohesabu alikuta boksi limejaa mia mbili yake, yote ndani ya plastiki mpya. Hakugombana na mtu. Aliendelea kuchana pakiti, moja moja, mpaka mwisho wa wiki ya tatu, alipoambiwa kwamba asije tena.

Baada ya hapo miguu ilianza kuvimba. Daktari alisema ni figo, na kwamba zilikuwa zimeanza kuchoka siku nyingi. Msomi alimhamishia kwake, akampa kitanda kilicho karibu na dirisha, yeye akatandika godoro sakafuni. Asubuhi alimwosha, akampa dawa, akaenda kazini kuwasimamia watu waliouliza mara moja. Alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi mara nyingi, na kila mara alikumbuka dawa zinanunuliwa na nini. Mchana Mama Kufuli alibaki peke yake na kufuli la duka. Jirani wa chumba cha pili alisema hulisikia kupitia ukutani: tak, tak, tak, halafu kimya, halafu tena.

Alikuwa amekonda uso na kuvimba miguu. Utani haukumtoka. Mgeni aliyekuja kumjulia hali na kumwambia kwamba leo amependeza aliambiwa, "Hiyo ni bei yako ya kwanza, sema ukweli." Wageni walicheka, Msomi akaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Jumamosi moja alasiri, nguo zimeanikwa, chumba kimetulia, Msomi alikaa ukingoni mwa kitanda na kusema kila kitu. Alisema kwamba kanuni ya kuuliza mara moja aliitunga yeye. Kwamba elfu tisa aliiandika kwa mkono wake, akiijua elfu sita na nusu. Kwamba mchana mmoja aliirekebisha akaona duka likipanda hadi juu, akairudisha kwa woga, na mtaa akaukabidhi kwa mgeni ili asione. Aliongea akitazama sakafu, kwa mpangilio mzuri, kama anayesoma ripoti. Alipomaliza alisikia kufuli likifungwa mara moja, na hakusikia likifunguliwa.

Mama Kufuli alikuwa amegeukia ukuta. Alikaa hivyo muda mrefu. Msomi alidhani amelala, akainuka taratibu ili atoe nguo kwenye kamba, na alikuwa ameshafika mlangoni alipoitwa. Jioni ile mgonjwa alipoteza fahamu, na Jumatatu akafariki bila kuzungumza tena, kwa hiyo neno la mwisho alilomwambia ni lile la mlangoni. Alilisema bila kugeuka, wala hakulisema kwa ukali:

"Nilikusukumia stuli, mwanangu. Nikasema atakaa, ataniuliza tena. Kila nikimwona yule msichana wenu anakuja, nilikuwa nachungulia nyuma yake kama upo."